Kutafuta kazi mtandaoni bila kutoa hata mia: hatua kwa hatua

Nina steshenari ndogo Morogoro, jirani na stendi. Mashine ya fotokopi, skana, kompyuta mbili na feni inayozunguka ikijisikia. Likitoka tangazo kubwa la ajira foleni inafika barabarani, kila mtu na bahasha yake ya kaki kwapani. Nimekaa nyuma ya kaunta hii miaka ya kutosha kuona watu wenye vyeti safi wakikosa usaili kwa mambo madogo kabisa: nywila imesahaulika, cheti kimeskaniwa kikakatwa jina, au tangazo limewafikia kwenye grupu la WhatsApp siku mbili baada ya kufungwa.

Tovuti za kazi zenyewe ni bure. Kujisajili bure, kusoma matangazo bure, kutuma maombi bure. Gharama zako halali za kutuma maombi ni bando, kuskani, na muhuri wa wakili. Ukiona umeanza kulipa kitu kingine, kuna mahali umepotea, na nitakuja kwenye hilo. Mifano yangu mingi ni ya Tanzania kwa kuwa ndiko niliko. Ndugu zangu wa Kenya nitawapitia njiani.

Hatua ya 1: Akaunti iwe yako, ufunguo uwe mfukoni mwako

Naanza hapa kwa sababu hapa ndipo ninapoona machozi. Kijana mmoja, dereva, alikuja kwangu mbio siku moja kabla ya usaili. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya walioitwa, lakini namba ya mtihani ilikuwa ndani ya akaunti yake, na akaunti ilifunguliwa na jamaa wa steshenari nyingine kwa barua pepe ya huyo jamaa. Duka lilikuwa limehama, na simu ya jamaa haipatikani. Tulihangaika mpaka saa nne usiku. Hatukufanikiwa.

Kwa hiyo, hata kama hujui kompyuta, mwenye steshenari akusaidie kubofya tu. Barua pepe iwe yako, ifunguliwe kwenye simu yako, na nywila uiandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Jina la barua pepe liwe jina lako la vyetini. Mteja wangu mmoja alikuwa na anuani yenye maneno “mtotowamama” na namba mbili mbele. Hakuna sheria inayokataza, lakini mwajiri naye ni binadamu, atacheka.

Namba ya simu iwe laini uliyosajili kwa alama ya kidole chako mwenyewe, na usiibadilishe katikati ya safari. Kwa maombi ya serikali utahitaji pia Namba ya Utambulisho wa Taifa, ile ya NIDA yenye tarakimu 20. Kadi ikichelewa kutoka, namba inatosha kufungulia akaunti.

Ukitumia kompyuta ya watu, toka kwenye akaunti kabla hujainuka, na ikikuuliza kama ihifadhi nywila, kataa. Mimi mwenyewe kila jioni nakuta akaunti tatu nne za watu ziko wazi. Nazifunga. Si kila mwenye kompyuta atafanya hivyo.

Hatua ya 2: Nyaraka ziwe tayari kabla tangazo halijatoka

Tangazo la serikali mara nyingi hukaa wazi wiki mbili hivi. Ukianza kutafuta cheti cha kuzaliwa siku ya kumi, umechelewa. Andaa mapema vitu hivi, kila kimoja faili lake la PDF: cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa na wakili au mwanasheria, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, vyeti vya chuo pamoja na matokeo yake, leseni ya taaluma kama kada yako, yaani aina ya kazi unayoomba, inadai, picha ndogo ya pasipoti ya karibuni, na CV.

Soma vizuri hapa, maana wengi wanaanguka: Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali kinachosimamia ajira za utumishi wa umma, huandika wazi kwenye matangazo yake kwamba hati za matokeo ya kidato cha nne na sita, matokeo ya muda na barua za kuthibitisha kuwa umehitimu hazikubaliwi. Wanataka cheti chenyewe. Aliyesoma nje ya nchi ahakikishe vyeti vyake vimetambuliwa na mamlaka inayohusika: TCU kwa shahada, NECTA kwa sekondari, NACTVET kwa stashahada na astashahada.

Halafu majina. “Said” kwenye cheti cha kidato cha nne, “Saidi” kwenye kitambulisho cha Taifa, na jina la babu lipo chuoni lakini halipo kwenye cheti cha kuzaliwa. Nyumbani tunajua ni mtu mmoja. Kwenye chumba cha uhakiki ni watu wawili. Panga vyeti vyako vyote mezani leo, linganisha herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti, anza kuishughulikia sasa, ikiwemo kuandaa hati ya kisheria ya mabadiliko ya jina iliyosajiliwa, maana wasailiwa wenye majina yanayotofautiana huambiwa waje nayo. Jambo hili linachukua muda, na siku ya usaili hakuna atakayekusubiri.

Kuskani kwa simu kunawezekana kabisa, programu za bure zipo. Tandika cheti kwenye meza yenye mwanga wa dirishani, piga ukiwa wima juu yake, pembe zote nne zionekane, na muhuri usomeke. Picha iliyopigwa kitandani, na shuka la maua pembeni, isitumwe popote. Faili likiwa zito mfumo utalikataa, kwa hiyo lipunguze ukubwa, kisha ulifungue tena uone kama bado linasomeka. Majina ya mafaili yawe ya kueleweka: cheti-kidato-cha-nne, cheti-cha-kuzaliwa. Nimewahi kuona mtu akipakia risiti ya umeme mahali pa stashahada kwa sababu mafaili yote yaliitwa “scan”.

Hatua ya 3: Jua mlango upi wa kubisha

Kwa utumishi wa umma Tanzania Bara, mlango mkuu ni Ajira Portal, portal.ajira.go.tz, wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Sekretarieti hii ilitokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, na ndiyo sababu unakuta halmashauri, wakala na wizara nyingi zinatangaza nafasi zake humo. Masharti yake ya kawaida: uwe raia wa Tanzania na umri usizidi miaka 45, isipokuwa walioko kazini serikalini. Zanzibar ina mfumo wake, ZanAjira.

Mlango wa pili ambao vijana wengi wanaupita bila kuuona ni TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania. Nao ni wa serikali, nao ni bure kwa mtafuta kazi. Wanakusajili, wanakuunganisha na waajiri wa sekta binafsi, wanafundisha namna ya kuandika CV na kukabili usaili, na wana mpango wa utarajali, yaani kujifunza kazi ukiwa kazini, kwa wahitimu. Kama umemaliza chuo na kila tangazo linakudai uzoefu wa miaka miwili, pita kwanza kwenye utarajali.

Kwa mashirika ya misaada, tumia ReliefWeb, tovuti ya ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada ya kibinadamu. Ina ukurasa wa kazi. Chagua nchi yako, uone zilizopo. Msitishike na jina kubwa. Mashirika yanayohudumia wakimbizi mkoani Kigoma hutafuta pia wahasibu, walinzi wa stoo, madereva na wauguzi.

LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ni ya kila mtu mwenye taaluma, lakini huko wasifu wako ndio unaoomba kazi, kwa hiyo usiuache mtupu. Walioko Kenya wana BrighterMonday na Fuzu kwa kazi za kampuni, na tovuti ya Tume ya Utumishi wa Umma kwa kazi za serikali kuu.

Na zile blogu za “nafasi mpya za kazi leo”, pamoja na makundi ya WhatsApp na Telegram? Zitumie, sizikatai. Mimi mwenyewe nimejiunga na kadhaa. Lakini zichukulie kama mpiga mbiu sokoni: anakuambia kuna jambo, kisha unakwenda kuliona kwa macho yako. Blogu zinanakili. Wakati mwingine zinanakili tangazo la mwaka juzi na kubadilisha kichwa. Ukiona nafasi kwenye blogu, chukua jina la mwajiri, nenda kwenye tovuti ya mwajiri mwenyewe, tafuta tangazo hilohilo. Halipo? Basi halipo.

Kujua tovuti ya kweli, angalia anuani, usiangalie nembo. Nembo hata mimi hapa naweza kuichapa. Anuani zinazoishia na .go.tz hupewa taasisi za serikali tu. Lakini “ajira-go-tz” ikifuatiwa na nukta na com ni mtu yeyote aliyenunua jina hilo. Tazama maneno ya mwisho kabisa kabla ya mkwaju (/) wa kwanza, bila kuhesabu ile miwili ya https:// mwanzoni. Hapo ndipo ukweli ulipo.

Ukishachagua milango miwili mitatu, washa arifa za barua pepe kwa kada yako na mkoa wako. Itakuokolea bando la kuzunguka tovuti kila asubuhi.

Hatua ya 4: Soma tangazo kama wakili

Nitachukua kazi ya Dereva Daraja la II, kwa sababu wateja wangu wengi ni madereva. Tangazo huwa linadai: cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C, awe ameifanyia kazi leseni hiyo kwa mwaka mmoja angalau bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali.

Hesabu: hayo ni mambo manne. Mtu ameendesha lori miaka kumi na tano kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, anajua kila kona ya Kitonga, lakini hana kile cheti cha VETA. Kwa mfumo, huyo hajatimiza sifa. Inauma, lakini kulalamika kaunta hakusaidii. Ninachomwambia ni hiki: nenda kachukue yale mafunzo sasa, usisubiri tangazo lijalo, kwa sababu sifa hizi hazibadiliki sana kila mwaka. Chukua tangazo la zamani la kada yako, lisome, na ujipime nalo. Tangazo lililofungwa ni mwalimu wa bure.

Fanya hivi kwa kila kazi. Andika sifa zote upande mmoja wa karatasi, upande wa pili andika ushahidi wako wa kila moja. Palipo wazi panakuonyesha kama uombe au upite. Sekta binafsi wana ulegevu kidogo. Wakisema uzoefu wa miaka mitatu nawe unao miwili na kazi unaiweza, jaribu. Serikalini usijidanganye. Na cheti cha kughushi usikiguse kabisa, maana hapo ni kesi ya jinai.

Hatua ya 5: Barua na CV

Barua ya kazi ya serikali iandikwe kama tangazo linavyosema, kwa Kiswahili au Kiingereza, ielekezwe kwa cheo kilichotajwa, itaje jina la nafasi vilevile lilivyoandikwa, na isainiwe. Watu wanasahau saini! Wanaandika kwenye kompyuta, wanapakia, basi. Chapa, saini kwa kalamu, skani, ndipo upakie.

CV iwe kurasa mbili, tatu ikizidi. Iwe na anuani na simu zinazofanya kazi, na wadhamini watatu ambao umewapigia kuwaomba ruhusa. Profesa aliyekufundisha miaka minane iliyopita akipigiwa ghafla na kuulizwa habari zako, atasema “nani?”, na huo ndio utakuwa ushahidi wako.

Kwa kampuni binafsi, tumia maneno ya tangazo lao. Wakiandika “kusimamia stoo na hesabu za bidhaa”, nawe kazi hiyo umeifanya, usiandike “nilikuwa dukani kwa mjomba”. Andika ulisimamia stoo ya bidhaa za aina gani, ulihesabu kila baada ya muda gani, na ulitunza daftari au kompyuta. Duka la mjomba ni kazi. Lieleze tu kama kazi.

Hatua ya 6: Tuma mapema, weka kumbukumbu

Siku ya mwisho mfumo unaelemewa. Kila mtu yuko humo saa tano usiku, ukurasa unazunguka, mtandao unakata. Tuma ndani ya siku tatu nne za mwanzo, na usiku wa manane kama una bando la usiku. Ukishamaliza, hakikisha ombi linaonekana kwenye orodha ya maombi yako ndani ya akaunti, kisha piga picha ya kioo cha simu (screenshot).

Kwenye daftari andika tarehe, kazi, mwajiri, ulituma wapi, na ulitumia CV ipi. Bila daftari, mwezi ujao utapigiwa simu na kampuni, nawe utaanza kuuliza “samahani, ni kazi gani vile?”

Mahali pa kuishi kwenye akaunti pawe pa sasa. Usaili wa kada zenye waombaji wengi umewahi kupangwa kufuata mikoa waliyojaza waombaji, na kama bado umeandika Mwanza ilhali umehamia Mtwara, nauli ni yako.

Hatua ya 7: Wakikuomba hela

Sote tunaujua ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Matapeli wa ajira ni binamu zake, wameoga tu na kuvaa tai. Wanakupigia wakijua jina lako kamili na kazi uliyoomba, kwa sababu orodha za walioitwa kwenye usaili ni za wazi. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa: “Dada, amenitaja jina langu lote!” Ndiyo, kalisoma kwenye orodha, kama ulivyolisoma wewe.

Hela inaombwa kwa majina mengi: ya fomu, ya kupima afya, ya sare, ya kitambulisho, ya kumshukuru bosi. Hakuna iliyo halali. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni ya jumla kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi, moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma. Mashirika ya Umoja wa Mataifa huandika kwenye matangazo yao kwamba hayatozi ada katika hatua yoyote. Ukipata ujumbe wa namna hii Tanzania, usijibu. Utume pamoja na namba iliyokutumia kwenda 15040, ambako mamlaka ya mawasiliano inapokea taarifa za utapeli. Na kama uliwahi kumpa mtu kitambulisho chako, piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa jina lako.

Kuna na wale wa Telegram wanaokulipa elfu mbili mbili kwa kupenda video, kisha wanakuambia uweke elfu hamsini ili upande daraja. Hiyo si kazi. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao, wakichapisha kwangu picha za miamala kupeleka polisi.

Kazi za Uarabuni, Oman, Saudia na kwingineko, zina mlango wao. Wakala lazima awe na leseni. Tanzania ulizia kwa Kamishna wa Kazi au TaESA, Kenya angalia orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Usisafiri kwa viza ya utalii eti mkataba utaukuta huko. Mkataba uusome hapa, na nakala ibaki kwa ndugu yako.

Hatua ya 8: Ukiitwa, na usipoitwa

Walioitwa kwenye usaili wa serikali hutangazwa kwenye tovuti. Usisubiri kupigiwa, pitia mwenyewe kila baada ya siku mbili. Nakili namba yako ya mtihani kutoka kwenye akaunti kabla ya kusafiri, chukua vyeti halisi na kitambulisho kinachokubalika, na uwe na nauli, chakula na pa kulala, maana msailiwa anajigharamia. Kwa kawaida kuna mtihani wa mchujo wa kuandika, kisha mahojiano. Madereva na mafundi hupimwa pia kwa vitendo.

Usipoitwa, fungua akaunti uangalie ombi lako limeandikwaje. Mara nyingi sababu utaikuta hapo, na mara nyingi ni ya kurekebishika: cheti hakikuthibitishwa, barua haikusainiwa. Rekebisha siku hiyohiyo, wakati hasira bado ipo.

Ukifaulu usaili lakini nafasi zikawa zimejaa, jina lako linaweza kubaki kwenye kanzidata ya Sekretarieti, nafasi ya kada hiyo ikipatikana ukapangiwa bila kufanya usaili upya. Nimemwona muuguzi mmoja akipata kazi namna hiyo, miezi mingi baada ya kukata tamaa. Kwa hiyo ile laini ya simu uliyoijaza iweke vocha hata ya mia tano mara moja moja. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba akapewa mtu mwingine.